Chuo kimekata ada kwa nusu, mbona bili ya mwanangu imepanda?

SWALI

Mshauri, salaam.

Naishi Ohio, Marekani, pamoja na familia yangu. Kijana wangu yuko mwaka wa pili katika chuo binafsi kidogo, nitakiita Chuo A. Mdogo wake wa kike anamaliza sekondari mwaka huu na amepata nafasi hapo hapo Chuo A, na pia Chuo B, nacho cha binafsi, jimbo la jirani.

Septemba 2025 Chuo A kilitangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 ada itashuka kutoka dola 42,000 kwa mwaka hadi dola 20,000. Barua iliandika "punguzo la asilimia 52" kwa herufi kubwa. Nyumbani tukahesabu tumeokoa dola 22,000, tukaanza hata kuzipangia kazi. Sasa makadirio ya bili yamekuja. Mwaka huu kijana anatozwa ada 42,000, anaondolewa skolashipu ya chuo 25,000, analipa ada ndogondogo 1,100 na malazi na chakula 13,200. Jumla yetu ni 31,300. Mwakani ada ni 20,000, skolashipu imeshuka ikawa 4,000, ada ndogondogo 1,500, malazi na chakula 14,100. Jumla 31,600. Yaani ada imekatwa nusu na mimi nimeongezewa dola 300!

Kwa binti, Chuo A kimempa skolashipu ya 3,500, kwa hiyo tutalipa 32,100. Chuo B ada yao ni 44,500, wamempa skolashipu ya 28,000 kwa sharti la GPA (wastani wa alama) isishuke chini ya 3.0, ada ndogondogo 1,300, malazi na chakula 13,600, jumla 31,400. Kanisa letu limemwahidi dola 2,000 popote atakapokwenda. Afisa udahili wa Chuo A anampigia simu kila wiki.

Mwenzangu kazini anasema chuo kinachoshusha ada ni chuo kinachokaribia kufunga milango. Jambo jingine: mwaka 2024 mimi na mama yao tuliingiza dola 118,000, lakini tangu Novemba mama yao amepunguziwa saa za kazi na mwaka huu tunaelekea kwenye 92,000.

Tumedanganywa? Binti aende wapi? Na kuna namna ya kuomba waongeze bila kuonekana tunalialia?

Baba wa Wawili, Ohio

JIBU

Ndugu Baba wa Wawili,

Tuanze na kijana, maana bili yake inajibu nusu ya maswali yako.

Hujaibiwa, ila tangazo limesomeka vile chuo kilivyotaka lisomeke. Ada ya 42,000 hukuwahi kuilipa. Ulikuwa unalipa 17,000, kwa sababu ile skolashipu ya 25,000 kwa sehemu kubwa haikuwa fedha iliyotolewa mahali ikawekwa mahali pengine. Ilikuwa punguzo la bei lililopewa jina la heshima. Ni kama muuzaji wa vitenge anayetaja arobaini huku akijua atakuachia kwa ishirini. Mwakani chuo kinataja 20,000, kinaondoa 4,000, kinapokea 16,000. Kwenye ada, basi, kimekuachia dola 1,000, si 22,000. Halafu kimeongeza 900 kwenye malazi na chakula na 400 kwenye ada ndogondogo. Imetoka 1,000, imeingia 1,300. Hiyo ndiyo 300 yako.

Karibu vyuo vyote binafsi vya Marekani visivyo vya kibiashara huuza kwa mtindo huu. Takwimu za NACUBO, chama cha maofisa wa fedha wa vyuo, zinaonyesha kwamba mwaka wa masomo 2023–24, katika kila dola 100 za ada iliyotangazwa kwa wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza, vyuo hivyo vilirudisha takriban dola 56 kwa njia ya ruzuku na skolashipu zao wenyewe. Punguzo likishafika hapo, ada iliyotangazwa inabaki kazi moja tu: kuwatisha wazazi. Familia isiyojua mchezo inaona 42,000, inalifuta jina la chuo kwenye orodha bila hata kuomba nafasi. Na waombaji wenyewe wanapungua, kwa kuwa watoto wanaozaliwa Marekani walianza kupungua baada ya 2007 na kizazi hicho ndicho kinachomaliza sekondari sasa. Ndipo chuo kinapoamua kushusha ada na kufyeka skolashipu kwa wakati mmoja. Mtindo si mpya. Muskingum, jimboni kwenu Ohio, ilikata mwaka 1996. Concordia ya St. Paul, Minnesota, ilitoka 29,700 hadi 19,700 mwaka 2013. Colby-Sawyer ya New Hampshire ilitoka zaidi ya 46,000 hadi 17,500 mwaka 2023.

Wapo wanaonufaika kwelikweli. Mwanafunzi aliyekuwa na skolashipu ya 2,000 tu na kulipa 40,000, huyo amepona. Anayesoma akitokea nje ya nchi bila ruzuku yoyote, vilevile. Kijana wako hayumo kwenye kundi hilo, kwa sababu alishapewa punguzo kubwa tangu mwanzo.

Lakini usiiache bili ilivyo. Vyuo vingi vinapokata ada huwaahidi wanafunzi waliopo kwamba hakuna atakayelipa zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Tafuta ukurasa wa maswali na majibu uliotolewa pamoja na tangazo, usome sentensi hiyo neno kwa neno. Ikisema "ada ya masomo baada ya skolashipu", chuo kimetimiza ahadi: 16,000 ni chini ya 17,000. Ikisema "gharama" au "bili", una hoja ya dola 300, na ofisi ya misaada ya kifedha itaona aibu kuikataa. Iandikie barua pepe, si simu. Omba karatasi moja yenye safu mbili, 2025–26 na 2026–27, mstari kwa mstari, na chini yake jibu la maandishi kwa jambo moja: je, hizo 4,000 zitabaki 4,000 hadi ahitimu, na kwa GPA ipi? Barua nyingi za skolashipu mpya huja na masharti mapya, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeingia kwa sharti la 2.5 anaweza kushtukia sasa ni 3.0.

Upande wa malazi ndiko unakoweza kuokoa fedha haraka. Mpango wa chakula una ngazi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwa kawaida anaruhusiwa kushuka kutoka mpango wa milo isiyo na kikomo hadi wa milo michache kwa wiki. Chumba cha watu wawili ni nafuu kuliko cha mmoja. Kuhusu kuhamia nje ya chuo, uliza kwanza mambo mawili: kama chuo kinalazimisha kulala ndani hadi mwaka fulani, na kama skolashipu inapunguzwa kwa anayeishi nje. Hilo la pili huwapiga wengi: wanakodi chumba mjini ili waokoe 3,000, skolashipu inapungua 3,000. Pia angalia kama bili ina bima ya afya. Mwanafunzi aliye kwenye bima ya mzazi anaweza kuikataa ya chuo kwa fomu ya mtandaoni, lakini fomu ina siku ya mwisho na hujazwa upya kila mwaka. Asiyejaza anatozwa.

Sasa binti.

Kwa mwaka wa kwanza Chuo B ni nafuu kwa dola 700. Wazazi wengi huishia hapo, na hapo ndipo panapowagharimu. Skolashipu ya 28,000 ni kiasi kisichobadilika. Ada ya 44,500 inapanda kila mwaka. Tuchukulie vyuo vyote viwili vinapandisha kwa asilimia 4 kwa mwaka. Asilimia 4 ya 44,500 ni 1,780, na yote hiyo unailipa wewe, kwa kuwa skolashipu haisogei. Asilimia 4 ya 20,000 ni 800. Ada baada ya skolashipu kwa Chuo B inakwenda 16,500, kisha 18,280, kisha 20,131, kisha 22,056: jumla 76,967. Kwa Chuo A inakwenda 16,500, 17,300, 18,132, 18,997: jumla 70,929. Mwaka wa kwanza ada halisi ni sawa kabisa, lakini miaka minne ikiisha tofauti ni 6,038. Malazi na ada ndogondogo za Chuo A ni ghali zaidi kwa 700 kwa mwaka, nazo zikipanda kwa kasi hiyohiyo zinakula karibu 3,000. Kwa jumla Chuo A kinakuwa nafuu kwa takriban dola 3,000 kwa shahada nzima.

Hiyo ndiyo faida ya kweli ya chuo kilichokata ada, na ni ajabu kwamba matangazo yao hayaisemi: mwaka wa kwanza hakikupunguzii kitu, lakini ongezeko la kila mwaka linakokotolewa kwenye tarakimu ndogo. Faida hiyo inayeyuka kwa njia mbili. Ya kwanza, Chuo A kipandishe kwa asilimia 7 au 8 badala ya 4, kwa kuwa kinaona kina nafasi ya kupanda. Ya pili, skolashipu ya Chuo B iwe inaongezeka pamoja na ada. Kwa hiyo peleka swali moja kwa kila chuo, kwa maandishi. Chuo A: je, mna ahadi ya ada kutopanda, au kutopanda zaidi ya asilimia fulani, hadi binti ahitimu? Chuo B: je, 28,000 ni kiasi au ni asilimia ya ada? Kama ni kiasi, hesabu yangu inasimama.

Usilisahau pia sharti la GPA 3.0. Kwenye Chuo A binti akiteleza anapoteza 3,500. Kwenye Chuo B akiteleza anapoteza 28,000 na bili inakaribia kuwa mara mbili. Kama anakwenda kusoma uhandisi, kemia au uuguzi, ambako mwaka wa kwanza alama huwa chini, hatari hiyo ina uzito kuliko dola 3,000 zote nilizozikokotoa. Uliza Chuo B: mwanafunzi akishuka anapewa muhula mmoja wa kujirekebisha, au skolashipu inakatwa papo hapo? Akipanda tena, inarudi?

Kuna nyaraka mbili za kukagua kabla hujaamini neno la afisa udahili. Moja ni Common Data Set, fomu ya takwimu za chuo yenye muundo mmoja, ambayo vyuo vingi huiweka kwenye tovuti zao. Nenda sehemu ya H, jedwali la H2, mstari wa K: wastani wa ruzuku na skolashipu za wenye uhitaji. Safu ya kwanza ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza, safu ya pili ni wanafunzi wote wa shahada ya kwanza. Kama ya kwanza ni kubwa sana kuliko ya pili, inawezekana chuo kinawapa wageni kingi kisha kinapunguza wakishazoea. Nyingine ni College Navigator, tovuti ya serikali kuu, inayoonyesha wastani wa gharama halisi kwa makundi ya kipato cha familia. Kwa kipato cha 2024 mko kwenye kundi la zaidi ya 110,000. Kwa kipato cha sasa mko kwenye 75,001 hadi 110,000. Takwimu zake huwa za miaka ya nyuma na huhesabu wanafunzi wanaopata misaada ya serikali kuu tu. Kwa chuo kilichokata ada, uzee huo unasaidia: gharama halisi haitarajiwi kubadilika sana, basi ukiona familia za kipato chako zililipa, tuseme, 27,000 kabla ya ada kukatwa, na wewe unaambiwa 32,000, unajua unaombwa zaidi ya wenzako.

Kikokotoo cha gharama halisi, ambacho kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kinalazimika kukiweka mtandaoni tangu Oktoba 2011, kitumie kwa tahadhari. Chuo kikishakata ada, kikokotoo kinaweza kubaki na ada na ruzuku za zamani kwa miezi kadhaa. Kibaya zaidi ni kilichobadilishwa nusu: ada mpya ya 20,000, ruzuku za zamani za 25,000, na mzazi anaambiwa mwanawe atasoma karibu bure. Angalia mwaka wa takwimu ulioandikwa kwenye ukurasa huo.

Zile 2,000 za kanisa: usiziripoti kabla hujauliza sera ya chuo kuhusu skolashipu za nje. Kuripoti lazima uripoti, lakini ujue kwanza chuo kinapunguza nini. Vyuo vingine huanza kupunguza mkopo na kazi ya chuoni, na hapo fedha ya kanisa inamsaidia mtoto. Vingine hupunguza ruzuku yao wenyewe dola kwa dola, na hapo kanisa limekisaidia chuo. Maryland ilipitisha sheria ya kuzuia jambo hilo kwa vyuo vyake vya umma mwaka 2017, na majimbo mengine machache yakafuata, lakini kwa chuo binafsi usitegemee sheria; tegemea barua pepe yao. Kwa Chuo A, ambako skolashipu ni 3,500 tu, hakuna kingi cha kupunguzwa. Kwa Chuo B kipo. Kama sera yao ni mbaya, omba kanisa ligawe 2,000 hizo kwa miaka minne, au litoe mwaka wa pili bili itakapopanda.

Kuhusu kuomba waongeze: hakuna aibu, na ofisi hizo hupokea maombi kama hayo kila msimu. Kuna maombi ya aina mbili, na ukiyachanganya kwenye barua moja yote mawili yanadhoofika.

La kwanza ni la kipato, na kwako ndilo zito. FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya kuomba misaada ya masomo, ya 2026–27 ilitumia kodi ya 2024, mwaka ule wa 118,000. Sheria ya serikali kuu inampa afisa wa misaada ya kifedha mamlaka ya kutumia kipato cha sasa pale hali inapobadilika, na kupunguziwa saa za kazi ni sababu inayokubalika. Omba fomu ya mabadiliko ya hali ya kipato. Ambatanisha barua ya mwajiri inayotaja tarehe na saa mpya, hati za mshahara tatu au nne za karibuni, fomu za W-2 (taarifa za mwaka za mshahara na kodi), na karatasi moja uliyokadiria kipato cha 2026 mwezi kwa mwezi. Peleka vyuo vyote viwili, na kwa Chuo A peleka mara mbili: ombi la kijana na ombi la binti ni mafaili tofauti. Kila chuo huamua peke yake. Kimoja kikikubali hakimlazimishi mwenzake. Ongeza na sentensi moja kwamba mwakani mtakuwa na watoto wawili chuoni kwa pamoja. Tangu 2024–25 kanuni ya FAFSA haigawanyi tena mchango wa familia kwa idadi ya watoto walio chuoni, jambo lililowaumiza wengi wenye hali kama yako, lakini chuo kinaweza kulizingatia kwenye ruzuku yake chenyewe. Hapo hapo uliza kama Chuo A kina punguzo la ndugu, na kama halikufutwa siku ile ada iliposhushwa.

La pili ni la ushindani, na hilo lipeleke ofisi ya udahili. Chuo A kinahitaji idadi ya wanafunzi wapya mwaka huu kuliko mwaka wowote, kwa sababu bodi itaipima hatua ya kukata ada kwa idadi hiyo. Tuma nakala ya barua ya ufadhili ya Chuo B, kisha andika maneno ya namna hii: "Binti yetu angependa kujiunga nanyi, kaka yake tayari ni mwanafunzi wenu. Chuo B kinatugharimu 700 pungufu kwa mwaka wa kwanza. Tunaomba mlipitie upya faili lake kabla ya Mei 1." Mei 1 ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi kwenye vyuo vingi. Usitaje kiasi kikubwa cha kubuni, na usitishie. Kwa pengo la 700 ombi la 1,000 hadi 1,500 linasikika. Ombi la 8,000 linawekwa kando. Tena chuo kilichoshusha ada hakina nafasi kubwa ya kusogea kama Chuo B, kwa sababu kimetangaza hadharani kwamba bei yake sasa ni ya wazi.

Mwenzako wa kazini amesema nusu ya ukweli. Birmingham-Southern ya Alabama ilikata ada karibu nusu mwaka 2018, ikafungwa Mei 31, 2024. Mills ya California ilikata mwaka huohuo wa 2018, na 2022 ikaunganishwa na Northeastern. Upande wa pili, Concordia ya St. Paul ipo na imekua, na chuo cha St. John's cha Annapolis na Santa Fe kilishusha kutoka 52,000 hadi 35,000 kikiwa kimeanzisha kampeni ya kuchangisha dola milioni 300 za kulipia pengo. Hapo ndipo pa kuuliza: nani analipia upunguzaji huu? Chuo kinachojibu "wafadhili" na kuonyesha kiasi kilichokwisha ahidiwa ni tofauti na kinachojibu "tunatarajia wanafunzi wataongezeka".

Hali ya fedha ya chuo unaweza kuikagua jioni moja. Tafuta Fomu 990, hesabu ambazo taasisi nyingi zisizo za kibiashara huwasilisha kwa mamlaka ya kodi na ambazo ziko wazi kwa umma. (Baadhi ya vyuo vya makanisa havilazimiki kuiwasilisha, hapo omba hesabu zilizokaguliwa.) Ukurasa wa kwanza, mstari wa 19, ni mapato ukitoa matumizi. Hasara ya mwaka mmoja si kitu. Hasara miaka mitatu mfululizo, huku mstari wa 22, mali ukitoa madeni, ukishuka kila mwaka, ni jambo la kumfanya mzazi asite. Wizara ya Elimu nayo hutoa alama ya uimara wa kifedha kati ya -1.0 na 3.0; 1.5 kwenda juu ni salama, chini ya 1.0 ni tatizo. Kisha fungua tovuti ya bodi ya ithibati ya chuo uone kama kimewekwa kwenye onyo au kipindi cha majaribio. Mwisho, rudi College Navigator utazame idadi ya wanafunzi na asilimia ya wa mwaka wa kwanza wanaorudi mwaka wa pili. Mimi ningeitazama hiyo asilimia kabla ya kitu kingine chochote. Ada ya chini inaweza kumleta mwanafunzi Agosti, haiwezi kumbakisha Januari.

Kwa kijana aliyebakiza miaka miwili, hatari ya chuo kufungwa ni ndogo kuliko gharama ya kuhama, kwa sababu anayehama mara nyingi hupoteza krediti (hesabu ya masomo aliyokwisha kumaliza) na skolashipu. Kwa binti anayeanza miaka minne, kama 990 ni mbaya, usimpeleke hata kama ni nafuu kwa 3,000. Mikopo ya serikali kuu inaweza kufutwa chuo kikifungwa mwanafunzi akiwa bado anasoma. Mikopo ya benki binafsi haina kinga hiyo. Kuhusu mikopo yenyewe, binti mwaka wa kwanza anaweza kukopa serikalini hadi 5,500, kijana mwaka wa tatu hadi 7,500. Mzazi anayeanza kuchukua mkopo wa Parent PLUS, yaani mkopo wa serikali kuu kwa wazazi, kuanzia Julai 1, 2026 ana kikomo kipya: 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, 65,000 kwa maisha yake yote ya chuo.

Kuna fedha nyingine hujaitaja. Unafuu wa kodi uitwao American Opportunity unafika 2,500 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa miaka minne, na unahesabiwa kwenye ada na vitabu, si malazi wala chakula. Dola 4,000 za kwanza unazolipa ndizo zinazoleta 2,500 kamili, nawe unalipa zaidi ya hapo kwa kila mtoto. Wanandoa wanaojaza kodi pamoja wanaupata wote kipato chao kikiwa hakijazidi 160,000. Wawili chuoni ni 5,000 kwa mwaka, kupitia Fomu 8863. Kama hukuudai kwa kijana mwaka wa kwanza, unaweza kurekebisha ritani (fomu ya kodi) ya mwaka huo ndani ya miaka mitatu.

Na yule afisa udahili: baada ya Mei 1 usishangae akipiga tena na ofa nono zaidi, hata kama mmeshaweka amana ya kushika nafasi kwingine. Tangu 2019 chama cha maofisa udahili kiliondoa kanuni iliyokuwa ikivizuia vyuo kufanya hivyo, na chuo kisichofikisha idadi huendelea kutafuta hadi Agosti. Msikilizeni. Lakini binti asijibu kwenye simu. Aombe ofa iandikwe, iseme ni ya mwaka mmoja au ya miaka minne, kisha uiingize kwenye hesabu ileile. Amana ya Chuo B, ambayo huwa hairudishwi, ikatwe kwenye faida kabla hamjabadili mawazo.